Mjomba Midomo na Dakika Mbili za Baba

Mjomba wangu hali mbele ya watu, na watu wanaomjua hawapendi kula mbele yake. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Kwa miaka zaidi ya thelathini ametengeneza nusu ya meno yanayotafuna mtaani kwetu, kwa hiyo akikaa mezani haoni watu, anaona kazi yake ikichafuliwa. Anamkodolea mtu macho mdomoni mpaka mtu mwenyewe anaweka kijiko chini. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Midomo, na sisi wa nyumbani tukaongeza Mjomba mbele ili angalau iwe na heshima.

Kinyaa chake hakina siku ya mapumziko. Mtu akifyonza chai kwa sauti, Mjomba anatoka nje. Akiona kijiti cha meno kimeachwa sahanini, siku hiyo hali tena. Mkaza mjomba alivumilia miaka kumi na mmoja, na siku aliyofunga mizigo alimwambia mama yangu, "Wifi, nimechoka kula jikoni nimesimama kama mwizi." Mama alimwambia anamwelewa kabisa, na mpaka leo wanatembeleana. Mjomba hakumfuata wala hakutuma mtu. Alibaki na nyumba yake ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha taya.

Chumba cha taya ndicho anachoishi. Ukuta mzima ni rafu, na juu ya rafu zimepangwa taya za plasta, kila moja imeandikwa kwa penseli jina la mwenyewe, hata waliokwisha kufa. Kuna vumbi jeupe kila mahali na harufu ya nta iliyoungua. Ukiingia unatazamwa na vinywa mia moja vilivyo wazi visivyo na uso. Watoto wa jirani hawaingii, na mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikuwa nikitumwa pale naongea nikiwa mlangoni.

Kwenye kona ya chumba hicho kuna kompyuta yenye skrini mbili, na vile visikizio vikubwa vya masikioni vilivyofungwa kwa utepe mweupe wa hospitali kwa sababu vilivunjika zamani na hataki vipya. Hapo ndipo Mjomba anapofanya kile anachokiita kazi safi. Anachukua filamu za zamani, zile alizoziona ujanani, anatafuta kila nakala yake inayopatikana, halafu anatoa picha kwenye nakala hii na sauti kwenye nakala ile, anaziunganisha.

"Filamu moja, mpwa wangu, inaweza kuwa na nakala tatu na zote tatu zikakutapisha," aliniambia siku ya kwanza aliponiruhusu kukaa. "Hii hapa picha yake ni safi, unaona mpaka kifungo cha shati. Lakini sauti wamemwekea mtu mwingine. Jitu lina ndevu hadi kifuani, linaongea kama msichana wa duka la manukato. Hii ya pili kuna mpumbavu aliingia na kamera kwenye ukumbi wa sinema akarekodi humo humo. Sikiliza."

Akanivika visikizio. Nikasikia mwanamume na mwanamke wakiagana kwa uchungu, na juu yao mtu anatafuna kitu kikavu, kraa, kraa, halafu anakohoa kikohozi chenye makamasi, halafu anatafuna tena. Nikavua upesi. Mjomba akanitazama kwa furaha ya mtu aliyepata shahidi.

Nakala ya tatu ilitoka kwenye kanda ya zamani. Picha yake imejaa michirizi, ila sauti ni ile yenyewe, nzima. Kwa hiyo Mjomba anachukua picha ya kwanza na sauti ya tatu, na ile ya pili anaifuta kama mtu anayetupa pamba yenye usaha. Kusema ni rahisi. Nakala hazikimbii sawa. Ukizianzisha pamoja, baada ya nusu saa mtu anafunga mlango, mlango unalia wakati ameshakaa kitini. Kwa hiyo anatafuta vitu vinavyogonga: mlango, sahani iliyoanguka, risasi. Anapenda makofi kuliko vyote, kwa sababu kofi unaliona linapotua na unalisikia papo hapo. Akishafunga sauti kwenye kofi anaenda kofi linalofuata, na katikati anainyoosha ama kuifinya sauti kidogo kidogo, akitazama midomo. Filamu moja inamchukua mwezi, wakati mwingine miwili. Haiuzi wala hamwonyeshi mtu. Anaitazama mara moja peke yake, anaiweka, anaanza nyingine.

Nilimwuliza anamfanyia nani kazi yote hiyo. Alifikiri kidogo, kidole chake chenye plasta kimesimama hewani.

"Namfanyia yule aliyesema," akajibu. "Mtu amefungua mdomo, amesema neno lake. Ukimwekea neno la mwingine umemwibia mdomo. Mimi nachukia wezi wa namna hiyo kuliko wale wa kuku."

Mimi kinyaa nimekirithi upande huo wa mama, na kazi yangu haijanisaidia. Niko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, nachambua mashuka kabla hayajaingia mashineni. Najua watu wanaacha nini kitandani wakidhani hakuna atakayeona. Nikirudi nyumbani siku nyingine sitaki hata kushikwa bega. Lakini hakuna kitu katika maisha yangu kilichonitia kinyaa kama video ya harusi yangu.

Mpiga video alituletea baada ya miezi sita, kama kawaida yao, na alikuwa ameitia madoido yote anayoyajua. Mioyo myekundu inapaa kutoka kichwani mwa mume wangu. Njiwa wanapita juu ya keki. Na sauti hakuna. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho ameilaza chini ya wimbo mmoja wa kinanda, ukiisha unaanza tena, kiasi kwamba watu mia mbili wanafungua na kufunga vinywa kama samaki kwenye beseni. Humo ndani, dakika ya arobaini na moja, baba yangu anasimama na maikrofoni, anaongea dakika mbili nzima, na husikii hata herufi moja. Picha inaenda kwake, inakuja kwangu nimekaa kwenye kiti cha bibi harusi nafuta machozi, inarudi kwake. Halafu anakaa.

Siku tisa baada ya harusi baba alipigwa na kiharusi. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshahamia alikokuwa na kazi, na nilipofika hospitali baba alikuwa amepooza upande mmoja na maneno yamekwisha. Alinitazama, nusu ya mdomo ikajaribu, nikainama mpaka sikio langu likagusa kidevu chake. Hakikutoka kitu. Alikaa hivyo miezi minne, akafariki, nasi tukarudi kuishi karibu na mama. Kwa hiyo zile dakika mbili ndizo maneno yake ya mwisho kwangu mbele ya watu, na mimi siyajui.

Utasema nilikuwepo, si picha inanionyesha ninalia. Sikuwepo. Hicho ndicho nilichokuwa sijamwambia mtu. Baba alipokuwa anaongea mimi na mume wangu tulikuwa nje, nyuma ya ukumbi, tunapigwa picha na mpiga video kando ya gari lililopambwa; ndani alikuwa ameacha msaidizi na kamera nyingine. Yale machozi ni ya baadaye sana, tulipokuwa tumerudi kukaa, na hayakuwa machozi ya binti kwa baba yake. Gundi ya kope za bandia ilikuwa imeniingia jichoni. Kila nilipoiona ile sehemu nilijisikia kuchefuka. Lakini mama aliipenda kuliko zote. Kila Jumapili akimaliza kufua aliweka ile video, akaipeleka mbele mpaka dakika ya arobaini na moja, na alikuwa ananiambia, "Unaona ulivyolia? Baba yako aliongea vizuri sana siku ile."

"Alisema nini, mama?"

"Mambo ya baba kwa binti yake. Nitakumbuka yote, mwanangu?"

Mwaka wa tatu nikakumbuka kwamba shangazi, dada yake baba, alikuwa meza ya mbele na simu yake. Shangazi anarekodi kila kitu na hatazami chochote. Nikamwomba, akatafuta siku mbili, akaniita kwake. Ilikuwa dakika kumi na moja za kitambaa cha meza, kwa sababu simu aliiegemeza kwenye chupa ikaanguka, kamera ikaelekea chini bila yeye kujua. Picha si kitu. Lakini sauti ilikuwepo, na ndani yake, nyuma ya vishindo, nilisikia baba akikohoa kile kikohozi chake cha kuanzia maneno. Nikaifunga palepale. Sikutaka kuisikia kwa simu yenye ufa, nikiwa nimesimama uani kwa shangazi. Nikaenda moja kwa moja kwa Mjomba.

Yeye harusini hakuja. Alituma seti ya sufuria na ujumbe kwamba watu mia mbili wakitafuna kwa pamoja hataweza. Kwa hiyo hakujua lolote zaidi ya alichokiona kwenye skrini.

"Picha ya huyu, sauti ya huyu," nikamwambia. "Unifungie baba mdomo na sauti yake. Dakika mbili tu."

Alitazama njiwa wakipita juu ya keki. Uso ulimkunjamana pole pole.

"Nani amefanya uchafu huu?" akauliza. "Niachie. Usije mpaka nikuite."

Nilingoja siku kumi na mbili. Kazini nilichambua mashuka bila kuyaona. Nilikuwa najitungia maneno ya baba, naweka mdomoni mwake hili, naliondoa, naweka lingine, na kila niliposikia aibu ya kufanya hivyo nilikumbuka alivyosema Mjomba kuhusu wezi. Siku ya kumi na tatu alinipigia mchana. Akasema, "Njoo. Na uje na subira."

Nilimkuta amekasirika. Juu ya meza kulikuwa na daftari lenye mistari na nambari za sekunde, nyingine zimekatwa kwa hasira mpaka karatasi imetoboka.

"Shangazi yako," akaanza, "alikuwa anakula mfupa wa kuku. Ameutafuna, ameufyonza, ameuvunja akafyonza tena ndani, na simu iko chini ya kidevu chake. Siku kumi na mbili nasikiliza mate ya yule mama. Nimeacha kula nyama."

"Pole, Mjomba."

"Pole haitoshi. Lakini nilipata pa kufungia. Mshereheshaji anagonga glasi kwa kijiko, unamwona na unamsikia. Nikaanzia hapo. Baba yako anasimama, anakohoa, anasema 'ndugu zangu,' mdomo na sauti vinashikana vizuri kabisa. Sekunde kumi na tisa. Halafu kila kitu kinavunjika. Nikadhani sauti imekimbia, nikainyoosha, wapi. Nikaifinya, wapi. Siku sita nahangaika na sauti, kumbe mgonjwa ni picha."

Akarudisha picha nyuma. Akaweka kidole kwenye mdomo wa baba.

"Tazama mdomo huu. Sasa tazama hapa mbele. Na hapa. Ni mdomo uleule. Amezirudia zile sekunde kumi na tisa, mara ya pili amezipunguza mwendo, mara ya tatu amezigeuza kushoto kulia ili usijue. Baba yako hakuongea dakika mbili, mpwa. Aliongea kidogo, huyu mshenzi akamwongezea." Akasogeza picha mbele kidogo. "Na kuna kitu kingine. Hiki kiti cha nani?"

Pembeni ya picha, kwa nusu sekunde kabla haijakatwa, nyuma ya bega la baba kulikuwa na kiti cha bibi harusi. Kilikuwa na kitambaa changu cha mabegani na hakikuwa na mtu. Mara elfu nimeitazama ile video na sikuwahi kukiona. Nilimwambia Mjomba yote, gari, gundi ya kope, yote. Alinisikiliza akinitazama machoni, jambo ambalo huwa halifanyi kwa mtu yeyote. Hakunilaumu. Akavua visikizio shingoni, akavipangusa kwa kitambaa safi, akanipa.

"Sauti nimeisafisha kadiri nilivyoweza," akasema. "Mfupa bado upo. Mfupa umeniletea shida."

Nikasikiliza.

Kijiko kwenye glasi. Kikohozi cha baba. "Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mmekula, mmekunywa, sitawachosha. Nina maneno machache tu, na si yenu, ni ya binti yangu." Watu wakacheka. Kisha kimya, na shangazi akifyonza mfupa. Kisha baba, mbali kidogo na maikrofoni, "Yuko wapi?" Mtu akasema, "Wako nje wanapiga picha." Mshereheshaji akaita kwenye spika, bibi harusi aje, mzee anamngoja. Halafu ukawa ungojeaji mrefu. Nilihesabu bila kutaka. Viti vinakwaruza, mtoto analia, shangazi anavunja mfupa, na baba anapumua kwenye maikrofoni kwa sababu hakujua kuishusha. Mshereheshaji akaita tena. Akangoja. Mwishowe akasema kwa ile sauti yao ya kuchangamsha, "Mzee, wewe ongea tu, yeye ataona kwenye video."

"Hapana," baba akasema. "Hayo hayasemwi kwenye video. Nitamwambia mwenyewe nyumbani."

Kishindo cha maikrofoni kuwekwa mezani. Watu wakapiga makofi. Shangazi akasema, karibu kabisa na sikio langu, huku mdomo umejaa, "Kuku huyu chumvi haijamwingia."

Nilivua visikizio nikatoka uani kwa Mjomba nikatapika. Kweli, si kwa kutia chumvi hadithi. Mjomba, ambaye akiona matapishi huugua wiki, alikuja na ndoo ya maji, akamwagia pale, akasimama nami mpaka nikamaliza.

Nilipata mtu wa kumchukia siku hiyohiyo, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Mpiga video ndiye aliyenitoa nje ya ukumbi. Halafu akachukua kosa lake akalifunika kwa kinanda, akamrudia baba yangu mdomo mara tatu, akanikalisha mimi nilie machozi ya gundi. Studio yake iko ghorofani juu ya saluni, na ngazi nzima inanuka nywele zilizochomwa. Ukutani ametundika mabibi harusi wa miaka yote, wote amewapaka weupe uleule kwenye kompyuta mpaka wamekuwa mtu mmoja. Nilimkuta anapangusa lenzi kwa ncha ya shati lake. Hata hilo lilinichefua.

Sikukaa. Nilimwambia kila kitu nilichokuwa nacho. Nilimwita mwongo, nikamwita mwizi wa maiti, nikamwambia mikono yake inanuka. Alikuwa mwanamume mpole wa makamo, hakunikatiza hata mara moja. Nilipoishiwa pumzi aliweka lenzi chini.

"Dada, mama yako ndiye aliyeniomba," akasema.

"Mama yangu alikuomba nini?"

"Video ilikuwa bado sijaimaliza mzee alipofariki. Mama yako akaja hapa, akakaa hapo ulipo wewe, akaniambia nimwonyeshe hotuba ya mzee kama ilivyo. Nikamwonyesha. Halafu akaniambia niondoe sauti yote niweke muziki, ili wewe usijue. Akasema, 'Mwekee mtoto mbele ya baba yake.' Nilimwambia mama, picha haitoshi, mzee aliongea kidogo tu. Akasema, 'Wewe ndiye fundi.' Basi nikafanya nilivyoweza. Najua ni kazi mbaya."

Nilisema kwamba bado ni yeye aliyenitoa nje. Nilikuwa nahitaji sana iwe ni yeye.

Alitazama mlango, akatazama mikono yake.

"Na hilo pia lipo," akasema. "La nje. Mama yako alilisikia, akaniambia nilifute kabisa usije ukaliona. Mimi sifuti kitu cha mtu. Lakini dada, nakuomba uende nyumbani tu."

"Liweke."

Akatoa diski kwenye droo, akalitafuta, akaliweka. Nikajiona kando ya gari. Jua zuri, gauni limetandazwa na mtu, mume wangu ameshika mkono wangu kama alivyoelekezwa. Hakuna kinanda. Kupitia ukutani, kwa mbali lakini wazi kabisa, nikasikia spika ya mshereheshaji, bibi harusi aje, mzee anamngoja. Sauti ya mpiga video, iliyo karibu na kamera, ikasema, "Dada, wanakuita ndani. Twende, tutarudi." Na mimi, nikiwa natazama kamera moja kwa moja, kope zote ziko mahali pake, midomo imepakwa vizuri, nikasema, "Waache. Baba akishika maikrofoni haachii, tutamkuta bado anaongea. Piga tena hii, nilifumba macho."

Spika ikaita mara ya pili. Kwenye picha niliisikia. Unaona kabisa nimeisikia, kwa sababu nilivuta pumzi kwa kuudhika, kisha nikatabasamu.

Mpiga video alizima bila kuambiwa. Sikuwa na la kumtukana tena. Nilitamani kinyaa kile kingebaki kwake, kwa shati lake na nywele zilizochomwa za saluni ya chini, lakini kilikuwa kimeshahama. Nilimwomba radhi, akasema hakuna shida, akanisindikiza mpaka ngazi ya mwisho. Sikwenda kwa Mjomba. Yeye alijua midomo ya baba, na hiyo ilitosha. Yangu sikutaka aione.

Jumapili nikaenda kwa mama. Alikuwa ameshamaliza kufua, mikono bado imekunjamana kwa maji, na video alikuwa ameshaiweka. Baba alikuwa amesimama na maikrofoni, anafungua mdomo, anafunga, kinanda kinapiga. Nikakaa chini karibu na miguu ya mama nikaegemea kochi.

"Kaka yangu amefika wapi na ile kazi yenu?" akauliza. Sikujua kwamba alikuwa na habari.

"Ameshindwa, mama. Sauti ya simu haifai."

"Afadhali," akasema.

Picha ikaja kwangu. Nikajitazama nikifuta jicho kwa ncha ya leso, taratibu, nisiharibu rangi. Mama safari hii hakusema nione nilivyolia. Akaweka mkono kichwani kwangu, ukiwa na ubaridi na harufu ya sabuni, akauacha pale mpaka baba akakaa na watu wakaanza kupiga makofi yasiyosikika.

"Hata mimi hakuniambia," akasema, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Nilimwuliza usiku ule tunavua viatu. Akasema hayo si yangu, ni ya mtoto, akija atamwambia."